Muhuri wa Maji Kwenye Sakafu ya Ngoma

Metodi Ralchev aliweza kusikia maji yakipotea chini ya ardhi. Hayakuwa maajabu, ilikuwa kazi yake tu. Alichomeka fimbo ya chuma kwenye udongo, akainama, akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akatulia kama mtu anayesikiliza siri. Kisha alinyanyuka akawaambia mafundi, "Chimbeni hapa. Si pale, hapa." Wakichimba walikuta bomba limepasuka na maji yanabubujika. Kwa miaka thelathini na moja aliwahudumia hivyo watu wa Sivodol na vijiji vitano vya jirani. Ungemwamsha usingizini angekutajia kila bomba lililolala chini ya kila njia, mwaka lilipozikwa, na jina la aliyelizika.

Watu walimwita Injinia. Hakuna aliyesema Injinia wa Maji, ilikuwa Injinia tu, basi. Sivodol kulikuwa na daktari mmoja aliyekuja Jumanne, padri mmoja ambaye vijiji vinne viligawana, na injinia mmoja. Vijana waliosoma walikuwa Ujerumani na Uhispania. Kwa hiyo ukuta wa mtu ukifanya ufa, aliitwa Metodi. Dohani ikiinama, Metodi. Gencho, fundi wa matrekta, mtu mnene mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, aliwahi kumsimamisha njiani na kumwonyesha benchi lililokuwa mbele ya duka.

"Njoo, Injinia, nipigie hesabu. Hili litanibeba mimi na chupa, au nimwache mmoja asimame?"

Watu walicheka. Metodi alicheka kidogo, akatazama viatu vyake, akapita. Hakuwa mtu wa maneno.

Nyumbani alikuwa na muhuri, kama kila injinia wa nchi ile aliyeruhusiwa kuweka jina lake kwenye michoro. Juu lilikuwepo jina, na chini ya jina, kwa herufi ndogo, fani. Wa umeme ana wake, wa barabara ana wake, wa boriti na nguzo ana wake. Wa Metodi uliandikwa "maji na mabomba". Lakini ofisini hakuna aliyesoma herufi ndogo. Walitazama kama muhuri upo na kama wino ni wa buluu.

Mkewe, Slavka, alifariki mwezi wa pili, kwenye baridi kali. Hadi siku ya arobaini watu walikuja, wakala ngano ya kuchemshwa inayoliwa kwa kumkumbuka marehemu, wakamshika Metodi mkono. Baada ya siku ya arobaini hawakuja tena. Hawakuwa na ubaya, kila mtu alikuwa na bustani yake na mbuzi wake. Pale Sivodol mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa kwenye mlango wa nyumba yake na kwenye mlango wa ukumbi wa kijiji. Ikifika siku ya arobaini hubandikwa nyingine, miezi sita nyingine, mwaka nyingine. Metodi alizibandika zote mwenyewe. Siku alipokuwa akibandika ile ya mwaka, anailainisha kwa kiganja ili upepo usiichukue, meya wa kijiji, Vasilka Doneva, alitoka ndani ya ukumbi akamkuta pale.

"Mungu amsamehe Slavka," alisema. Akamtazama kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha jikoni. "Injinia, kesho uko nyumbani?"

"Niko," alisema Metodi. Alikuwa nyumbani kila siku.

Kesho yake walikuja wawili, Vasilka na Tsonka. Tsonka alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, mwembamba, mwenye mikono mirefu, ndiye aliyeongoza kikundi cha horo, ngoma yao ya kushikana mikono na kuzunguka. Alikuja na sinia la banitsa, mkate wa matabaka na jibini, bado inatoa moshi. Harufu ile ilipoingia, Metodi alitambua kwamba nyumba yake kwa muda mrefu ilikuwa haina harufu ya chochote.

Walikaa. Walikula. Vasilka akatoa karatasi. Kijiji kilikuwa kimepata msaada wa kukarabati ukumbi wa ghorofani, madirisha mapya, sakafu mpya ya mwaloni juu ya boriti za zamani. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa waliotoa msaada walitaka tamko la injinia kwamba boriti zile zitabeba. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho.

"Lakini mimi ni wa maji, Vasilka," alisema Metodi.

"Kwani ukumbi hauna maji? Una mabomba mawili na choo, na choo chenyewe kinavuja." Vasilka alicheka, Tsonka naye akacheka, na Metodi akajikuta anacheka. "Wa mjini anasema atakuja baada ya miezi miwili. Miezi miwili! Msaada utakuwa umeenda kwa watu wengine, sisi tutabaki tunacheza kwenye mbao zenye misumari."

"Kaka Metodi," alisema Tsonka, "wewe kila shimo la kijiji hiki unalijua. Tukuache wewe tukamtafute mgeni?"

Walikaa saa mbili nzima. Waliongea habari za Slavka, habari za mabinti wa kijiji walioko Uhispania, habari za mbwa wa padri. Kabla ya kuondoka Tsonka aliosha vikombe bila kuuliza, akavipanga kwenye rafu vikiwa vitatu, vimeinamishwa. Metodi aliviacha pale hadi Jumapili.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alifungua kabati la juu, akatoa kitabu cha chuo. Kila injinia, hata wa maji, alipitishwa kwenye hesabu za boriti mwaka wa pili. Alikuwa na miaka ishirini wakati ule. Alifungua jedwali la mizigo, akapitisha kidole mpaka mstari uliosema "ukumbi wenye viti". Ombi la msaada, aliloliandika Vasilka, lilisema hivyo hivyo: ukumbi wa mikutano, viti mia moja na ishirini. Akapiga hesabu. Boriti zilitosha, na nafasi ikabaki. Akaenda ukumbini, akapiga sakafu kwa kisigino mara tatu, akasikiliza. Haikumwambia kitu. Hakuinua ubao hata mmoja, maana asingejua atazame nini. Alirudi nyumbani, akasaini, akapiga muhuri.

Alhamisi iliyofuata Tsonka alibisha dirisha lake. "Vaa viatu vya kuchezea."

"Sijui kucheza."

"Nani amekuuliza? Nimesema viatu."

Ndivyo Metodi Ralchev, akiwa na miaka sitini na moja, alivyoingia kwenye horo. Aliwekwa mkiani, mwisho wa mstari, mahali pa wanaojifunza. Alihesabu hatua kichwani kama alivyokuwa akihesabu mapigo ya pampu, haraka, haraka, taratibu. Mwezi wa kwanza aliwakanyaga watu. Mwezi wa tatu alikanyaga wachache. Mkono wake wa kulia ulishika mkono wa mtu kila Alhamisi, mara wa Tsonka, mara wa mke wa Gencho, mikono yenye joto na sugu za kazi. Kwa miaka miwili wiki yake ilikuwa na umbo. Jumatano alipiga pasi shati. Ijumaa alikumbuka. Siku zilizobaki alizivuka tu.

Halafu goti likavimba.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Daktari wa Jumanne alimkataza kucheza wiki tatu, lakini Alhamisi ilipofika Metodi hakuweza kubaki nyumbani. Alikwenda ukumbini, akakaa chini, kwenye chumba cha wastaafu, akaagiza kahawa, akasikiliza wenzake wakicheza juu yake. Walikuwa watu thelathini na wanne. Akordioni ilianza, visigino vikaanza. Haraka, haraka, taratibu.

Kitu cheupe kilidondoka ndani ya kahawa yake.

Alitazama juu. Taa ya dari ilikuwa ikiitikia kwa kichwa, juu na chini, sawasawa na ngoma. Chokaa ilimwagika kama unga unaochekechwa. Wazee wawili waliokuwa wakicheza karata walifunika vikombe vyao kwa viganja bila hata kuacha mchezo.

"Huwa inadondoka?" aliuliza Metodi.

"Alhamisi, ndiyo," alijibu mmoja, akatupa karata. "Siku nyingine haidondoki."

Metodi alisahau kahawa. Jumapili, kikundi kilipokutana tena mchana, alifika mapema, akasimamisha ufito wa mbao kutoka sakafu ya chini hadi karibu na dari, akaacha nafasi ya upana wa kidole kimoja, na juu ya ufito akaweka donge la unga wa mkate uliokandwa. Wazee wa karata walimtazama.

"Injinia amechoka kukaa peke yake, sasa anawapikia panya."

Ngoma ilipoisha aliteremsha ufito. Donge lilikuwa limekuwa bapa kama jani. Dari ilishuka kidole kizima na kurudi, sijui mara ngapi kwa dakika.

Alikaa na lile donge mkononi. Angekuwa anashika kipande cha bomba, angesema bila kufikiri: hili lina miaka miwili, hili lina wiki, hili lifunge leo. Lakini sakafu? Kidole kimoja ni kingi au ni kidogo? Mbao si zinanesa, ndivyo zilivyo? Hakujua. Alilishika donge kama mtu asiyejua kusoma aliyeletewa barua, anaigeuza huku na huku, anajua tu kwamba ina habari.

Nyumbani alifungua tena kitabu cha chuo. Jedwali lile lile. Vidole vitatu chini ya "ukumbi wenye viti" palikuwa na mstari mwingine: "ukumbi wa dansi". Namba yake ilikuwa kubwa zaidi, na kando kulikuwa na maelezo mafupi, kwamba pale watu wanaporuka kwa pamoja namba hii peke yake haitoshi, atafutwe mtaalamu. Miaka miwili nyuma hakushuka mpaka pale. Alipata alichokitaka juu, akafunga kitabu. Na si yeye tu. Kijiji kizima kilijua kwamba viti mia moja na ishirini hukaa vimebebana ukutani mwaka mzima. Lakini pale Sivodol hakuna aliyewahi kusema "ukumbi wa dansi", kama ambavyo hakuna anayesema jiko ni chumba cha moto. Horo huchezwa popote watu walipo. Hata yeye, ambaye viganja vyake vilikuwa vimetoa jasho juu ya mbao zile kwa miaka miwili, hakuwahi kuuweka mguu wake kwenye hesabu yake.

Na Siku ya Mtakatifu Dimitar ilikuwa imebaki siku kumi na sita. Mwaka ule Sivodol ndiyo ilikuwa mwenyeji. Vikundi sita, watu zaidi ya mia mbili, ghorofani, kwa kuwa nje ni baridi.

Alipanda basi la asubuhi mpaka mjini, kwa Yavora Sabeva, injinia wa boriti na nguzo, mwanamke wa kama miaka arobaini aliyevaa koti la kazi ndani ya ofisi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alilichukua lile donge la unga, akaligeuza, akalirudisha mezani.

"Nani alisaini tamko?"

"Mimi."

"Fani yako?"

"Maji."

Metodi alitamani Yavora afoke, lakini hakufoka.

"Mzee wangu," alisema Yavora, "mimi nikija kukuambia bomba fulani halitapasuka, kwa kuwa nilisoma mabomba mwaka wa pili, utaniambiaje?"

"Nitakuambia urudi nyumbani."

"Basi. Siwezi kukuambia kitu bila kuzifungua zile boriti, na sina nafasi hadi mwezi ujao, tarehe tano. Mpaka siku hiyo asipande mtu. Hata wa kufagia."

"Sherehe ni tarehe ishirini na sita."

"Nimesikia. Kuna barua inabidi iandikwe, kuondoa ile saini. Nikiandika mimi, itakuwa ni mgeni kutoka mjini anawafungia ukumbi. Na Chama cha Wahandisi lazima kijulishwe. Utakijulisha wewe au nikijulishe mimi?"

"Mimi," alisema Metodi.

Kwenye basi alikaa upande wa dirisha, barua aliyoiandika kabla ya kupanda iko mfukoni. Alijua vizuri anachokwenda kukitoa. Saini ile ndiyo iliyomletea banitsa na vikombe vitatu na mkono wa kushika kila Alhamisi. Kama angenyamaza, pengine sakafu ingebeba. Ilibeba miaka miwili. Goti lingepona, angerudi mkiani mwa horo, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alifika Sivodol, akashuka, akasimama kituoni mpaka basi likapotea, ndipo miguu ikakubali kwenda ofisini kwa meya.

Vasilka aliisoma barua akiwa amesimama.

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Metodi. Vikundi sita. Nimeshaagiza kondoo. Mkuu wa wilaya anakuja na mkewe. Unajua kilichoandikwa kwenye mkataba wa msaada? Tamko likiwa la uongo, tunarudisha kila kitu, mpaka vitasa vya milango!"

"Haikuwa uongo. Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui ukasaini?"

"Nilikuwa sijui nikasaini."

"Na sasa unajua?"

"Sasa bado sijui. Ndiyo maana."

Vasilka alikaa. Alijipangusa uso kwa mikono miwili. "Ngoja ipite sherehe. Siku moja, Injinia. Siku moja tu, kisha nitafunga mwenyewe, nitampa mbwa ufunguo aumeze."

Metodi alitikisa kichwa. Alitikisa tena, asieleweke vibaya, kisha akasema kwa mdomo, "Hapana."

"Basi hii barua ninaiweka kwenye droo, na tutaona."

Alikuwa na nakala. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu akasema neno, hata harusini kwake alisemewa na kaka yake. Alifikiria watu wa Sivodol husoma wapi. Magazeti hawasomi, matangazo ya meya hawasomi. Husoma mlango wa ukumbi, karatasi za marehemu, kila asubuhi, kila mmoja, wakielekea kununua mkate. Akachukua gundi.

Asubuhi Gencho ndiye alikuwa wa kwanza. Alivua kofia, kama ilivyo desturi mbele ya mlango ule.

"Nani tena?" aliuliza mwanamke mmoja nyuma yake. "Si bibi Yota, yule mgonjwa?"

"Hakuna picha," alisema Gencho, akainamia karatasi. "Mimi, injinia Metodi Ralchev, fani ya maji... naondoa tamko langu... boriti za ghorofa ya juu... nilisaini jambo ambalo sina ujuzi nalo..." Alirudisha kofia kichwani. "Ee, jamani! Hakuna aliyekufa. Aliyekufa ni sherehe."

Kufikia saa tatu walikuwa watu ishirini. Metodi alisimama ng'ambo ya njia, kwenye uzio wa duka. Alikuwa amefikiri kwamba aliyebandika lazima awepo.

"Injinia wa vyoo!" alipiga kelele mmoja. "Miaka miwili unaruka humo kama mbuzi, leo ndiyo umegundua ni mbao?"

"Mwacheni, goti linamuuma. Yeye akiwa hachezi, basi asicheze mtu."

"Babu yangu alicheza humo," alisema Gencho. "Uzito wake kama wangu, na buti za jeshi. Boriti zile ni za watu waliokuwa wanajua kazi."

Metodi alitaka kusema kwamba babu yake Gencho alicheza miaka hamsini iliyopita, na kwamba boriti nazo zina umri. Lakini huenda hata hilo halikuwa kweli, hakujua boriti huzeeka vipi.

Tsonka alifika mwisho. Alisoma taratibu, akivuta herufi kwa kidole. Kisha alivuka njia, akasimama mbele yake, na watu wakapunguza sauti ili wasikie.

"Miaka miwili umenishika mkono huu," alisema.

"Ndiyo."

"Na Jumapili iliyopita nilikuwa juu na wanawake kumi na tisa, wewe uko chini na kijiti chako. Ulikuwa unatupima kama magunia."

"Niliogopa kusema kitu nisichokijua."

"Siku ile mbona hukuogopa? Siku tuliyokuja kwako?"

Metodi alitazama viatu vyake. Angeweza kusema habari za jedwali, za mstari uliokuwa chini. Yote yalikuwa kweli. "Mlikuwa mmekuja," alisema. "Hakuna mtu aliyekuwa amekuja tangu siku ya arobaini. Nilitaka mje tena."

Tsonka aligeuka, akaenda zake bila kununua mkate.

Vasilka alifunga ukumbi siku ile ile. Hakuwa na njia nyingine, karatasi ilikuwa imesomwa na kijiji kizima na mmoja alikuwa amempigia simu mkuu wa wilaya. Sherehe ya Mtakatifu Dimitar ilifanyika uwanjani, kwenye manyunyu. Akordioni zilifunikwa kwa nailoni. Vikundi viwili havikuja, kimoja kiliondoka kabla ya nyama kuiva. Metodi alikwenda, alikula mkate wake amesimama chini ya paa la duka. Hakuna aliyemfukuza. Horo ilipopita mbele yake, mkia wake ulikuwa wazi, mtu wa mwisho anapunga leso peke yake, lakini goti bado lilikuwa na maumivu na hakuna aliyemnyooshea mkono.

Tarehe tano Yavora alikuja na wafanyakazi wawili. Waliinua mbao za mwaloni, mpya, zinang'aa, na nusu ya kijiji ilisimama kwenye ngazi kutazama. Boriti zilikuwa nane. Tano zilikuwa nzima. Tatu zilikuwa zimeoza pale zinapoingia ukutani, ukichoma bisibisi inazama mpaka mpini.

"Zingeanguka?" aliuliza Vasilka.

"Sijui," alisema Yavora.

"Hujui nawe?"

"Kwa watu thelathini zimebeba. Kwa mia mbili wanaokanyaga pamoja, pengine zingebeba, pengine zisingebeba. Mimi sipigi muhuri kwenye pengine."

Kijiji kilisikia neno moja tu. Kufikia jioni, dukani, lilikuwa limeshakuwa: zingebeba, hata yule wa mjini amesema. Metodi alisikia, akalipia chumvi yake, akatoka. Alikuwa ametumaini, kwa siri, kwamba watakuta kitu kibaya sana, mbao zimekuwa vumbi, watu washike vichwa. Aliona aibu kwa kutumaini hivyo. Mwezi uliofuata barua ya Chama ilimjia: muhuri wake umesimamishwa mwaka mmoja, na aurudishe kwa posta. Aliufunga kwenye kitambaa, akaupeleka. Waliotoa msaada nao waliandika, na Vasilka akawa anasafiri kwenda mjini kila wiki kuwabembeleza. Alipokutana na Metodi njiani alimsalimia, akapita.

Kikundi kilihamia kijiji cha pili, umbali wa kilomita kumi na mbili, kwenye ukumbi wa shule iliyofungwa. Walikwenda kwa magari manne. Hakuna aliyemwambia Metodi asije. Ila magari manne yana viti ishirini, na waliokuwa wakienda walikuwa ishirini, na kila Alhamisi ilikuwa hivyo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na mbili alikuwa langoni kwake akipara theluji, ingawa theluji ilikuwa kidogo na angeweza kuiacha. Goti lilikuwa limepona. Magari matatu yalipita, Gencho akapiga honi. La nne, la Tsonka, lilipunguza mwendo, likasimama. Dirisha likashuka. Ndani walikuwa watano, wamebanana na makoti yao.

"Habari za goti?"

"Limepona."

"Leo tumejaa," alisema Tsonka. "Unaona mwenyewe. Wiki ijayo labda, Ganka huyu wa nyuma atakwenda kwa binti yake."

"Sawa."

"Sijasema ndiyo. Nimesema labda."

"Nimesikia, labda."

Tsonka hakuondoa gari. Alikuwa akitazama mbele, mikono kwenye usukani. "Nimewauliza kule," alisema. "Ile sakafu yao, nani aliyeipitisha. Wamenitazama kama nimelewa."

"Wakasemaje?"

"Wanaitafuta karatasi."

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma alilalamika kwamba baridi inaingia. Tsonka alipandisha dirisha. Gari lilikwenda taratibu kwenye barafu, likakata kona ya kanisa. Metodi alibaki na koleo lake. Chini ya theluji, chini ya njia, bomba la mwaka wa sabini na nne lilipita mbele ya lango lake, na halikuwa likivuja. Hilo alilijua. Alimaliza kupara mpaka kwa jirani, akaingia ndani, akawasha jiko.